Unga Uliozidi Moto

Kiwandani walimwita Mama Tanuri, na jina likamganda. Kazi yake ilikuwa kuoka unga mweusi wa oksidi za shaba na manganizi, ule unaojazwa kwenye barakoa za wachimba mgodi ili uiondoe sumu ya moshi kabla haijafika mapafuni. Kaka yake alikuwa kwenye kikosi cha uokoaji cha mgodi wa jirani, kwa hiyo hakuhitaji kuhimizwa awe makini.

Unga ule una madeko. Kipimo cha shaba kikiyumba, unagoma. Ukiokwa kwa moto mdogo, hauivi. Moto ukizidi, chembe zake zilizokaa shaghalabaghala hujipanga, zikashikana na kuwa fuwele kubwa, na nguvu yake ikapotea. Kwa macho huoni tofauti yoyote.

Siku moja kipimajoto cha tanuri kiliharibika, shehena nzima ikaungua. Mashine ya eksirei ilithibitisha: fuwele tupu. Meneja, ambaye hakuwa mtu mbaya, alishika kichwa. Mgodini walikuwa wanazisubiri barakoa. Akauliza kama ule unga haungeweza kuchanganywa na mzuri, mambo yakaenda. Mama Tanuri akakataa katakata. Alisema mtu akivaa barakoa huiamini, na akiiamini huingia ndani zaidi. Meneja akakubali. Unga ukamwagwa, kazi ikaanza upya.

Unga mpya ulikuwa bado tanurini moto ulipozuka mgodini. Kaka yake aliingia, akatoka na majeruhi mgongoni. Barakoa yake ilikuwa imekwisha nguvu, na stoo hapakuwa na nyingine. Chini bado kulikuwa na watu wanaita. Akajifunga kitambaa kibichi usoni, akarudi. Alitolewa amebebwa.

Baada ya maziko, wifi yake, mjane wa kaka, alimfuata Mama Tanuri jikoni kwake, alikokuwa anaosha vyombo vya wageni.

"Wifi, ule unga mlioumwaga ulikuwa haufai kabisa?"

Angeweza kusema ndiyo, na yakaishia hapo. Lakini mbele ya wifi yake ulimi ulikuwa mzito kudanganya.

"Ungefanya kazi kidogo. Dakika chache."

"Hizo chache zingemrudisha mlangoni."

"Au zingempeleka mbali zaidi."

"Labda," wifi alisema. "Ila angekuwa na kitu usoni."

Akachukua kitambaa, akafuta sahani zote, akaondoka na watoto wake. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena nyumba ile.

Kazini wote walimwambia Mama Tanuri kwamba alifanya lililo sawa. Hata yeye alijua hivyo, na kujua huko hakukumpa usingizi. Jioni moja alipita kwa wifi yake. Uani aliona ovaroli ya kaka yake imefuliwa, imeanikwa kwa uangalifu, mikono imebanwa kwa vibanio. Akageuka pale getini, akaenda zake bila kupiga hodi.