Gari la Mwingereza na Mti wa Machela

Naanza na benchi. Watu wakinijia kuuliza habari ya miaka ile huuliza gari tu, na benchi hakuna anayeiuliza.

Benchi yenyewe ilikuwa mti mmoja mrefu, mweusi, laini kama mpini wa jembe kuukuu, umelazwa juu ya mawe mbele ya nyumba yetu, kilimani juu ya Bwera. Wanaume walikaa hapo jioni wakibishana magari. Gari la nani linadumu, la nani linakufa njiani, jina la nani lilikuwa kubwa zamani na sasa limeoza. Wengi wao hawakuwa hata na baiskeli. Lakini kubishana hakuulizwi leseni.

Mti ule ulikuwa nusu ya machela yetu.

Zamani, kabla barabara haijapanda mpaka kwetu, mgonjwa alibebwa mpaka hospitali huko chini. Tulikuwa na miti miwili mirefu, katikati kamba zilizosukwa, juu yake mkeka. Kila nyumba ilitoa mwanamume. Yowe likipigwa, jembe linaachwa shambani. Warefu walishika mbele na wafupi nyuma, kwa sababu njia inashuka, mgonjwa asije akateleza miguu ikitangulia. Walibadilishana mabega bila kusimama. Aliyekosa zamu yake alileta mtungi wa pombe ya ndizi, na hata baada ya mtungi wanawake tulimsema mpaka akaomba msamaha. Mimi mwenyewe nilishushwa hivyo, uhuru ukiwa bado haujaja, mtoto wangu wa kwanza akiwa amekaa vibaya tumboni. Nilitazama mbingu njia nzima nikisikia wale wanaume wakipumua. Tulifika. Nikazaa msichana, akalia, nikalia na mimi.

Miaka ya uhuru ilipofika kahawa ilitupa pesa. Mume wangu akashuka Kasese, kwa Mhindi mmoja, akarudi na pikapu. Lilikuwa la Kiingereza, rangi ya majani, na pale mbele lina nembo inayong'aa kama kijiko cha padri. Kilima kizima kilikuja kuishika.

"Hii iko ya Mwingereza," mume wangu akasema, mkono juu ya boneti kama mtu anayeapa. "Mwingereza alileta reli mpaka Kasese hapa. Atashindwa na kilima?"

Nasema ukweli, halikushindwa. Miaka kadhaa lilipanda na kushuka. Lilibeba kahawa, lilibeba chumvi ya Katwe, lilibeba watu soko la Mpondwe, pale mpakani. Lilibeba wagonjwa wetu wote, na mume wangu hakumdai mgonjwa kitu. Kwa hilo sitamsema vibaya. Lakini machela ikalala chini ya paa letu. Mkeka ukaliwa na mchwa. Mtu akachukua kamba akafungia mbuzi. Vijana wakakua warefu bila kujua nani anashika mbele na nani nyuma. Ukiwauliza wanasema, mama, si gari iko?

Mabishano yalikuwa na wakubwa watatu. Wa kwanza mume wangu, mtu wa Mwingereza. Wa pili Mkongomani, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, Mkatoliki wa rozari shingoni, aliyeuza vitenge Mpondwe na kuja kwetu kununua kahawa. Huyo alikuwa mtu wa Mjerumani. Wa tatu alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliyewahi kuendesha gari mgodini Kilembe. Yeye aliwapigia Wajapani debe wakati ambapo kwetu hakuna aliyekuwa amemwona Mjapani.

"Papa, weye unapenda jina tu," Mkongomani alimwambia mume wangu. "Ya Mujerumani inapita potopoto, matope yote, mpaka Butembo, unaizima, unakunywa bia, inawaka. Ya Mungereza ikifika saa kumi inaomba chai."

Wanaume walicheka mpaka kuku wakakimbia.

"Ninyi mlitawaliwa na Wabelgiji," mume wangu akajibu. "Gari mlijifunzia wapi? Kwenye misa?"

"Subirini Mjapani," akasema shemeji.

"Yule wa makopo ya samaki? Hiyo bati yake mutu akipiga chafya inabonyea!" akadakia Mkongomani.

Hivyo kila jioni. Niliwapitishia ndizi zilizochomwa nikirudi jikoni nikicheka na mimi. Ilikuwa michezo.

Kisha askari wakashika nchi, na baadaye Wahindi wakaambiwa waondoke. Yule Mhindi wa Kasese alifunga duka akaenda na watoto wake, na mlango ukabaki umefungwa. Ndani ya duka lile ndimo lilimokuwa jina la Mwingereza. Mimi nilielewa hivyo, na nilielewa mapema. Gari letu lilikuwa linaharibika tangu zamani kama kila gari, ila likiharibika mume wangu alishuka Kasese, Mhindi akafungua kisanduku, akampa chuma kipya cha aina ileile, na jioni gari limerudi. Watu wakasema halifi. Kisanduku kilipoondoka, gari likaanza kufa.

Nilimwambia. Akanitazama kama nimemtukana mama yake.

"Gari ya Mwingereza haitegemei Mhindi."

"Basi litengeneze kwa nembo."

Siku ileile aliingia chini ya gari, na kwa kukosa jeki akachukua mti mmoja wa machela kuinulia ekseli. Mti ukakatika kwa mlio wa mfupa. Alitoka na matope usoni akasema, mti tu huo, tutakata mwingine. Haukukatwa. Ule uliobaki ndio ukalazwa juu ya mawe, wapate pa kukaa wakimwelekeza alale vipi chini ya gari.

Tangu hapo vitu vilitoka Mpondwe kwa njia ya magendo. Mkongomani alileta giaboksi ya Mjerumani, imefungwa ndani ya kitenge kama maiti ya mtoto. "Piesi, spea ya kweli hii, Papa, utanishukuru." Shemeji akapata kabureta ya Mjapani. Rejeta ilikuwa ya Mfaransa, sijui ilitolewa wapi. Kila kimoja kilipigwa nyundo mpaka kikakubali kukaa. Kila asubuhi mume wangu aliisugua nembo kwa majivu na kitambaa.

"Cha Mwingereza kimebaki nini hapo?" nikamuuliza.

"Kila mtu anajua gari hii iko ya nani."

Sasa mabishano hayakuwa michezo tena. Kila mmoja alikuwa na chuma chake ndani ya gari letu, na kila chuma kilikuwa na jina la kulinda. Likizima, mume wangu alisema ni giaboksi ya Mjerumani. Mkongomani alisema ni kabureta ya Mjapani. Shemeji alisema ni gari lenyewe, kizee cha Kiingereza, linavivunja vipya vinavyotiwa. Walinuniana kwa wiki nzima. Mkongomani alikataa chai yangu.

Binti yangu, yule niliyeshushwa naye kwa machela, alikuwa ameolewa upande wa Nyakiyumbu. Akaja kwetu kuzaa, kama desturi, maana ilikuwa mimba ya kwanza. Mvua ilinyesha usiku, na asubuhi uchungu ukamshika. Mkunga wetu, mama mmoja mzee, akaingia, akatoka, akaninong'oneza kwamba mkono wa mtoto umetangulia. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Hapo ni hospitali, na ni mara moja.

Tulimlaza nyuma ya pikapu juu ya godoro. Nilipanda nikampakata kichwa. Wanaume wa benchi walikuja wote kusukuma, hawakukataa. Mkongomani alikuwepo, amekuja kwa kahawa. Gari likakohoa, likawaka, tukashuka nao wakining'inia pembeni. Tulipofika kwenye kona ya korongo, mahali pasipo na nyumba, likazima.

Boneti ikafunguliwa. Vichwa vikainama humo.

"Kabureta hii. Niliwambia hii kabureta."

"Kabureta iko nzima! Gia imeng'ang'ania, sikia, Mjerumani wako huyo!"

"Mujerumani hajafanya kitu! Angalia mafuta inatoka wapi! Angalia!"

"Ondoa mkono yako, nilifunga mimi."

"Ulifunga vibaya!"

Nikapiga kelele kutoka nyuma. "Mbebeni! Acheni hiyo takataka, mbebeni mtoto wangu!"

Mume wangu akatoa kichwa. Uso wake ulikuwa wa mtu anayependa mtoto wake, sitasema vingine. "Mama, kidogo tu. Imekaribia."

Na kweli kila mara ilikuwa imekaribia. Likakohoa, wakashangilia. Likakohoa tena. Kila kikohozi kiliwashika pale kama watu waliofungwa kamba. Wangejua kwamba limekufa kabisa wangemchukua binti yangu mikononi wakakimbia. Lakini hilo lilikuwa gari la Mwingereza lenye gia ya Mjerumani na kabureta ya Mjapani. Kila mtu hapo alikuwa na jina aliloliamini, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema haliwaki.

Jua likapanda. Gari la jeshi likatokea, mume wangu akasimama katikati ya barabara mikono juu. "Afande, tunaomba, mgonjwa." Afande akachungulia, akaona boneti iliyofunguliwa. "Gari gani hii? Toa kando! Toa!" Wakaisukuma pikapu kando, jeshi likapita.

Binti yangu akaniuliza, "Mama, imewaka?"

Nikamwambia, "Inawaka sasa."

Akauliza tena, na tena nikamjibu hivyo. Baadaye hakuuliza.

Godoro lilipokuwa jekundu ndipo shemeji alipotupa spana. Vijana wakakimbia kupanda kilima. Wangeleta nini? Walileta benchi. Mti mmoja. Wakafunga blanketi langu huku na huku, wakamtia binti yangu ndani kama mzigo wa chumvi, wakamwinua. Hawakujua. Mrefu alikuwa nyuma na mfupi mbele, njia inashuka, mtoto wangu akawa anateleza, nami natembea pembeni nimemshika mabega asitoke. Walisimama kila walipobadilishana. Mmoja akasema bega linauma. Kijana mwenye nguvu za fahali, bega linamuuma kwa sababu bega lake halijawahi kubeba mtu.

Paa la hospitali lilikuwa halijaonekana nilipowaambia wasimame. Nilikuwa nimeshika shingo yake, nikajua. Tukageuka. Kupanda walipangika vizuri, mrefu nyuma, mfupi mbele. Tukawazika wawili katika kaburi moja, kwa maana mtoto hakutoka.

Siku za matanga wanaume walikaa chini mbele ya nyumba. Mti ulikuwa umeegemezwa ukutani, hakuna aliyethubutu kuulaza tena. Siku ya pili nilikuwa ndani, nimejilaza na wanawake, nikasikia sauti ya Mkongomani, taratibu, ya heshima kabisa: "Mimi nasema tu, Papa, gia haikuwa na makosa." Na mume wangu, baba wa marehemu, kwa sauti ileile ya kilio: "Kabureta. Ilikuwa kabureta." Na shemeji: "Kaka, hata mvua ilichangia. Lakini kabureta nilikagua."

Nilitoka nje. Nikawatazama. Nilitaka kuwaambia mengi, na kinywa kilitoa moja tu.

"Mabega yenu yako wapi?"

Waliinamisha vichwa. Nikarudi ndani, na baada ya muda nikasikia wanaanza tena, chinichini.

Pikapu ilibaki kule korongoni mpaka watu wakaimaliza kipande kwa kipande. Mume wangu alikwenda akaing'oa nembo akaileta nyumbani, akaiweka dirishani. Sikumuuliza. Niliwaomba wanaume wa kilima wakate mti wa pili, tusuke kamba, tupange zamu kama zamani. Wote walikubali. Nilisubiri msimu mmoja wa kahawa, na mwingine. Hakuna aliyepanda msituni. Wakati huo shemeji alikuwa anazungumza habari ya mtu wa Mpondwe aliyenunua gari la Mjapani, jipya, boneti haijafunguliwa hata mara moja, na benchi ilikuwa imerudi juu ya mawe.

Binti yangu wa pili alipopata mimba sikungoja uchungu. Tumbo lilipoanza kuonekana nilifunga sufuria, blanketi na unga, nikamwambia tunashuka kupanga chumba karibu na hospitali, tutakaa huko mpaka azae. Tulitoka asubuhi kwa miguu, polepole, yeye na fimbo. Wanaume walikuwa wamekaa.

"Mama, mnatembea na tumbo hilo?" mmoja akaita. "Ngojeni kesho, gari ya Mjapani inakuja kuchukua kahawa. Hiyo haijui kuharibika!"

Mume wangu alikuwa kati yao. Nilimshika binti yangu mkono, tukaendelea kushuka.