Taimauti Mbili za Kocha Rusk

Shemeji yangu Lorna Verkamp ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha wafu, na watu wa mji wetu wa Saint Agnes humjua kwa sauti hiyo kabla ya kumjua kwa sura. Kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu anakaa safu ya sita, nyuma ya meza ya watunza saa, na akifungua kinywa hata refa hugeuka. Mimi ndiye ninayekaa naye, kwa sababu kaka yangu Gene, mumewe, hatunaye tena, na si vizuri mtu kuachwa apigane na ukumbi mzima peke yake. Kwa hiyo haya ninayoyasema niliyaona kwa macho yangu, na hasira hii ni yangu mwenyewe, sikuiazima kwake.

Lorna anakata nyama kwenye kiwanda cha bata mzinga tangu kabla mwanawe Curt hajazaliwa. Mle ndani kuna mkanda unaopitisha ndege kutwa kucha, na ndege hawana mwisho. Hutoki mahali pako mpaka mkanda usimame, na mkanda hausimami mpaka msimamizi avute kamba nyekundu inayoning'inia juu ya kichwa chake. Siku Gene alipoanguka zizini, simu ikapigwa kiwandani, Lorna akaitwa, akavua glavu. Msimamizi akamwambia, "Ngoja mapumziko, Lorna, yamekaribia." Kamba ilikuwa juu ya kichwa chake. Angeigusa bila hata kunyoosha mkono vizuri. Hakuigusa.

Najua mtasema angeondoka tu. Ukiondoka, ndege wanawamwagikia wenzako wenye visu mikononi, na kesho kazi huna, na nyumbani una mtoto. Tena mtu akikuambia yamekaribia, unaamini yamekaribia. Alipofika hospitali alimkuta kaka yangu amefunikwa shuka. Tangu siku hiyo Lorna hamsamehi mtu mwenye uwezo wa kusimamisha jambo halafu akakaa kimya. Na mimi simlaumu.

Curt akakua, akawa mrefu kiasi lakini si mrefu wa kutosha, mwepesi kiasi lakini si mwepesi wa kutosha. Alijiunga na timu ya mpira wa kikapu ya Chuo cha Harlan Creek bila ufadhili, yaani kwa mapenzi yake. Vijana wa namna hiyo kazi yao ni mazoezini. Wiki hii unaigiza mchezaji hatari wa timu fulani ili wenzako wajifunze kumzuia, wiki ijayo unaigiza mwingine. Siku ya mchezo unavaa jezi safi, unapiga makofi, unawasogezea wenzako viti. Miaka minne Curt alifanya hivyo, na miaka minne hakukanyaga uwanja wa nyumbani hata mara moja mchezo ukiwa unaendelea.

Sasa lazima niseme kuhusu taimauti, maana ndizo zilizotufikisha hapa. Kila kocha hupewa chache za mchezo mzima. Akiomba moja, saa inasimama, anawaita vijana wake, anawapanga upya, anawakaripia kama ndivyo alivyolelewa. Juu ya hizo kuna za televisheni. Kila baada ya dakika kama nne, filimbi ikilia tu, mchezo unasimama ili watu walio nyumbani watangaziwe malori na pizza. Kocha mwenye akili huwapumzisha wachezaji kwa gharama ya televisheni, na zake mwenyewe huzitunza kwa dakika za mwisho. Hapo hakuna ubaya. Lakini taimauti haiwekwi akiba ya mchezo ujao. King'ora cha mwisho kikilia, ile uliyoibana imekufia mkononi.

Kocha wetu, Bradley Rusk, ni mbanaji wa aina hiyo. Nimemwona akipoteza mchezo kwa pointi moja, taimauti zake zipo, amekunja mikono kama mtu anayesubiri basi. Kocha wa Marlow State, mzee Tolliver, ni kinyume chake. Huyo huzitumia kama mpishi anavyotumia chumvi. Tukishafunga mara tatu mfululizo, wanafunzi wakasimama, paa likaanza kutikisika, ndipo anapoomba yake. Watu wanakaa, wanakwenda kununua bisi, na wakirudi moto umeshapoa. Lorna alimpa jina, Zimamoto, na ukumbi mzima ukalichukua.

Mwaka juzi Zimamoto alitufanyia jambo ambalo bado linaniwasha. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, mchezaji wetu anasimama mstarini kwa mitupo miwili ya adhabu, na imebaki sekunde moja. Tolliver akaomba taimauti. Kijana akaenda kukaa, akaanza kuwaza. Akarudi mstarini, na kabla hajapewa mpira Tolliver akaomba nyingine. Waliporudi mara ya pili mkono wa kijana ulikuwa mzito, akakosa yote miwili. Lorna alimtukana Tolliver mpaka kwenye basi lao.

"Unamwachia mtoto sumu kichwani, mzee mzima!" alimwambia.

"Sheria inaruhusu, mama," Tolliver akajibu, akapanda zake.

Basi ikaja Jumamosi ya kuwaaga wachezaji wa mwaka wa nne, mchezo wa mchana, na wageni wetu walikuwa hao hao Marlow. Desturi ya huku ni kwamba siku hiyo wa mwaka wa nne ndio wanaoanza, hata yule asiyejulikana. Rusk akakataa. Timu za kwenda mashindano makuu huchaguliwa pia kwa kuangalia ulishinda kwa tofauti gani, na yeye alitaka tofauti nono. Lakini kabla ya mchezo, Lorna akiwa ameshika maua aliyopewa kama mzazi, Rusk alimfuata.

"Bi Lorna, leo ataingia. Mwishoni pale, tukishakaa vizuri. Nakupa neno langu."

"Nimelisikia, Kocha," Lorna akasema. Tulipokaa akaninong'oneza, "Shemeji, wewe ni shahidi."

Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi. Tuliwapiga wale Marlow tangu mwanzo, na Tolliver akazima moto hapa na pale mpaka akabakiwa na taimauti moja. Ilipokuja ile ya mwisho ya televisheni tulikuwa mbele kwa pointi ishirini na moja. Wanafunzi wakaanza kuita, "Ver-kamp! Ver-kamp!" Curt akavua fulana ya juu. Rusk hata hakugeuka. Akawarudisha uwanjani wale wale, nao wakaendelea kurusha mitupo ya mbali kana kwamba tunafukuzwa na simba.

Marlow wakafunga mara mbili, tofauti ikapungua, Rusk akanuna. Filimbi ililia mara mbili tatu hapo katikati. Kila ilipolia Lorna alisimama, na kila ilipolia Rusk alibaki na watu wake. Dakika ya mwisho ilipokuwa inabisha hodi ndipo alipomgusa Curt begani, na Curt akakimbia kwenda kupiga goti mbele ya meza ya watunza saa.

Ukishapiga goti pale, unangoja. Huingii mpaka mchezo usimame, kwa faulo, au mpira ukitoka nje, au kocha akiomba taimauti. Na mchezo ukakataa kusimama. Tavion Boykin, mgawa mipira wetu, anayelala chumba kimoja na Curt, akatazama benchi akaweka viganja vyake umbo la kuomba taimauti, akiuliza. Rusk akatikisa kichwa, akazungusha mkono, cheza. Tavion mwenyewe angeweza kuiomba, mchezaji anaruhusiwa, lakini ufadhili wa masomo yake uko mkononi mwa Rusk. Tukafunga kikapu. Katika dakika ya mwisho saa husimama kikapu kikiingia, nikainuka nikidhani ndiyo hiyo, refa akamwonyesha Curt kiganja. Kwa kikapu tu, dakika ile, sheria hairuhusu mtu kuingia. Unaonjeshwa, halafu unanyang'anywa kijiko.

"Omba, Rusk!" Lorna akapaza sauti. "Unazo mbili! Omba!"

Mzee mmoja mwenye kofia, safu ya mbele yetu, akageuka. "Mama, anayeongoza haombi taimauti mwishoni. Ni kuwadharau wageni."

"Na kuwarushia mitupo ya mbali mkiwa juu kwa ishirini ni kuwabusu?"

"Mimi nasema desturi tu."

"Desturi ilikuwa mwanangu aanze leo. Hiyo imeliwa na nani?"

Mzee akageukia mbele. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, maana nisingeushika ningeshuka kule chini, na umri wangu si wa kutolewa na polisi mchana kweupe. Ile adabu ya Rusk, ya kuahidi halafu kubana, ilinichoma kuliko ukatili. Mkatili angalau haoni haya kusema hapana.

Marlow wakapoteza mpira, tukaupata tena. Tavion akatafuta njia nyingine. Akamrushia mwenzake pasi ya ovyo kabisa, ya kutoka nje, kila mtu akaona nia yake. Kijana wa Marlow, mwenye bidii zake za kishamba, akaruka akaudaka mpira kabla haujavuka mstari. Hapo ndipo mlango ulipofungwa. Ukiwa huna mpira huwezi kuomba taimauti, hata uwe nazo kumi. Tavion akamsogelea mtu amshike, iwe faulo, Rusk akanguruma, "Hakuna kugusa mtu! Hakuna!"

Curt bado alikuwa na goti lake chini. Hakumtazama mama yake. Nilijua kwa nini hamtazami, na Lorna pia alijua. Akaacha kupiga kelele, na hilo lilinitisha kuliko kelele zote alizopiga miaka minne.

Zikiwa zimebaki sekunde saba, filimbi ikalia.

Tolliver alikuwa amesimama na viganja vyake vimeshikana. Taimauti, Marlow State. Yuko nyuma kwa pointi kumi na tisa, anaomba taimauti. Ukumbi ukamzomea kwa furaha. "Zi-ma-mo-to! Nenda nyumbani!" Lorna naye akawaka, akaanza, "We mzee usiye na haya, hata sasa..." Kisha akaishia hapo, mdomo wazi. Tolliver hakuwaita vijana wake. Alikuwa anamtazama refa na kumwelekezea kidevu mezani, alipo Curt.

Refa akampungia Curt mkono aingie.

Mnajua Rusk alifanya nini kwenye taimauti ile ambayo hakuilipia? Alichukua ubao akachora namna ya kuzuia, ili Marlow wasimpunguzie tofauti yake. Curt akaitikia kwa kichwa kila mstari uliochorwa. Halafu akaingia, akainua mikono, akamganda mtu wake kana kwamba matokeo ni sare. Yule kijana akadunda mara mbili, Curt akapenyeza mkono, mpira ukatoka nje. Wakaurudisha, king'ora kikalia. Hakufunga, hakutoa pasi, karatasi ya matokeo haina la kumwandikia. Watu walipiga kelele mpaka masikio yangu yakaziba, na mimi nililia, sifichi.

Lorna alishuka uwanjani maua yakiwa kwapani. Hakwenda kwa Curt kwanza. Alikwenda kwa Tolliver, aliyekuwa anavaa koti lake.

"Ile ya mwaka juzi sijakusamehe," akamwambia.

"Sikuombi unisamehe."

"Lakini hii ya leo..."

"Nilikuwa nayo moja, mama," mzee akasema. "Ningeifanyia nini kingine?" Akamgusa bega, akaenda zake kwenye basi.

Ndipo Rusk alipotokea, mikono imepanuka, mpiga picha nyuma yake. Alimvuta Curt upande mmoja, akamnyooshea Lorna mkono upande wa pili.

"Si nilikuambia, Bi Lorna? Neno langu ni neno. Njoo tupige picha."

Lorna hakuupokea ule mkono. Alimwelekeza kwenye ubao mkubwa wa matokeo. Chini ya jina letu, zinapoonyeshwa taimauti zilizobaki, taa mbili ndogo zilikuwa bado zinawaka.

"Zile ni zako," akamwambia. "Nenda nazo nyumbani."

Rusk akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta pa kutokea. "Mama, ulikuwa uamuzi wa kiufundi. Hata hivyo ameingia, au siyo? Tatizo liko wapi?"

"Kamba ilikuwa juu ya kichwa chako," Lorna akasema.

Mimi nilikuwa nyuma yake, nikaelewa. Curt akajitoa taratibu kwenye mkono wa kocha wake, akaja akasimama kwa mama yake. Rusk yeye akainua uso kutazama juu, akaitafuta hiyo kamba, na mpiga picha akampiga picha akiwa hivyo hivyo, shingo imepinda, peke yake.