Zilikotoka Jezi za Fahali

Wengi mmenisimamisha sokoni mkiniuliza kwa nini niliiacha meza yangu ya mitumba wakati wa mavuno, watu wakiwa na hela mkononi, nikaenda Mwimbi. Nawajibu wote hapa kwa mara moja ili niachwe nifanye biashara. Nilikwenda kuulizia ng'ombe aliyechorwa kwenye shati.

Watu wa Milanzi hapa Sumbawanga mnamjua huyo ng'ombe. Wageni niwaeleze. Tangu mitumba iruhusiwe, mimi Skolastika, mama Kredo, kazi yangu ni kufungua marobota. Robota moja lenye mhuri wa Kanada lilinitolea jezi nyekundu tupu, nzito, za mikono mirefu, pana mabegani kama za kuvaliwa juu ya gunia. Maandishi ya kifuani yalikuwa yamebanduka. Kilichobaki ni kichwa cha fahali mwenye pembe zilizoinama, na chini yake vijiti viwili vilivyopishana, vimepinda kwenye ncha. Hakuna mteja aliyezigusa. Nikawaazima vijana wa mtaani wanaocheza mpira, nao kwa baridi yetu ya Juni wakazing'ang'ania, na timu ikaitwa Fahali.

Vijana wa Kisukuma, ambao wazazi wao walihamia huku na mifugo, walisema yule ni ng'ombe wao na vile vijiti ni fimbo za kuchungia. Vijana wa Kifipa wakasema fimbo gani, hayo ni majembe. Walibishana msimu mzima huku wakipeana pasi, na wakamfunga karibu kila aliyekuja.

Ndipo akatokea Mzee Sinkala, tajiri wa Tunduma mwenye hoteli na malori. Aliwaona wakicheza, akataka kuinunua timu yote: wachezaji, jezi, kila kitu, aihamishie Tunduma na kuipa jina la hoteli yake. Vijana wangepata viatu, chakula na mshahara, na mimi ningepata changu. Sikuona ubaya. Mimi ni mfanyabiashara, na kitu kikipata mteja kinauzwa. Lakini tajiri alikuwa na hofu moja.

"Mama Kredo, nyie watu wa Sumbawanga nawajua," aliniambia. "Hicho kichwa kimetoka wapi? Sitaki kuhamishia radi kwenye hoteli yangu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sifa za mji wetu, za uchawi wa kutupiana radi, zinatutangulia kila mahali. Hata hivyo hakutania: alitaka aletewe maelezo ya ile alama kabla ya Jumapili, la sivyo biashara imekufa. Nikakumbuka kwamba zahanati ya Mwimbi ina Sista wa Kanada. Nikamchukua Masanja, kapteni wa timu, mtoto wa mfugaji, kijana mrefu wa maneno machache. Nikamwambia avae jezi.

Alfajiri ya Ijumaa tulidandia lori lililokuwa linakwenda vijijini kununua mahindi. Tulipita Izia moshi wa asubuhi ukiwa bado umelala juu ya mapaa, na wanawake wakiwa tayari wanaelekea mashambani na majembe mabegani. Baada ya hapo ni uwanda wazi wa Ufipa, nyasi na anga, na upepo unaoingia mpaka kwenye mifupa. Mimi nilijifunga khanga mbili na kitenge. Masanja alikaa juu ya magunia matupu ndani ya jezi yake kama yuko jikoni kwa mama yake.

"Masanja," nikamwambia, "ukifika Tunduma utakuwa mtu wa mshahara."

"Ndiyo, Mama."

"Mbona hufurahi?"

"Nafurahi, Mama." Akageuka akatazama ng'ombe wa watu waliokuwa wanavuka barabara.

Kijiji cha kwanza lori lilisimama, na hapo ndipo nilipoona jinsi nchi ilivyobadilika. Zamani mahindi yetu yalikuwa na mnunuzi mmoja tu, ushirika, ukitaka usitake. Sasa malori matatu ya watu binafsi yalikuwa yamepanga foleni, na wanunuzi wanawaita wakulima kwa majina kama wajomba zao. Mzee mmoja alikuwa anagombana na dereva wetu juu ya lumbesa, lile gunia linalojazwa mpaka likaota nundu na kulipwa kama gunia la kawaida.

"Nundu hiyo nimeilima kwa jembe hilihili," mzee alifoka. "Ilipie, au nenda kwa mwenzako!"

Dereva aliilipia, maana mwenzake alikuwa amesimama palepale akitabasamu. Nilimpigia mzee makofi. Soko huria nalipenda kwa sababu hiyo: mwenye mali naye ana mdomo.

Mchana lori lilituacha njia panda, tukamalizia kwa miguu katikati ya mashamba ya ulezi yaliyokwisha kuvunwa. Mwimbi ni mahali patulivu, pa watu wa kanisa na jembe. Tuliulizia zahanati, tukaonyeshwa jengo jeupe lenye baraza ndefu ya saruji. Sista alikuwa hapo anadeki mwenyewe, amelikunja shungi lake nyuma ya masikio. Anaitwa Sista Benedikta, na amekaa Ufipa miaka mingi kiasi kwamba anamsalimia mtu kwa Kifipa kabla hajakumbuka kwamba yeye ni mzungu.

"Shikamoo, Sista," nikasema.

"Marahaba, karibuni, mmetoka m..."

Hakumaliza. Alikuwa amemwona Masanja. Dekio likamtoka mkononi. Alimsogelea kijana wa watu mpaka Masanja akarudi nyuma, Sista akaweka kiganja juu ya kichwa cha fahali, na machozi yakaanza kumtiririka mbele yetu bila aibu. Nikajisemea moyoni, Skolastika, umekwisha, kumbe ni ya msiba.

"Hii ni timu ya kwetu," Sista akasema. "Ya mji wangu nilikozaliwa."

Alitukalisha barazani na uji wa ulezi, akaanza kutusimulia, na mimi nawapa kama nilivyopewa. Kwao kuna ziwa, na wakati wa baridi maji ya ziwa yanakuwa magumu kama sakafu.

"Mnatembea juu ya maji?" Masanja aliuliza.

"Tunakimbia juu yake. Na viatu vyenye chuma kama kisu chini."

Masanja alinitazama. Nilimwambia kwa macho anyamaze, Sista hadanganyi.

Timu ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, ambako baba yake Sista alikuwa mpasuaji. Walicheza ziwani na watu wa reli, kila upande una vijiti, wakigombea kidude cheusi cha mpira kilicho bapa kama kitumbua. Baadaye mji ukajenga ukumbi mkubwa, timu ikaingia kwenye ligi ya wachezaji wa kulipwa, na wageni wakaja kuichezea kutoka mbali. Lakini desturi ilikuwa moja. Ukumbi ulipofunguliwa kila mwaka, kabla sakafu ya barafu haijatengenezwa, kila nyumba ilileta ndoo ya maji, tajiri na maskini, wakayamwaga pale chini, yakaganda pamoja.

"Kwa hiyo mchezaji alikuwa anakimbia juu ya maji yetu," Sista alisema. "Hata mgeni. Akimwona anateleza vibaya, mama yangu alikuwa anapiga kelele, wewe, heshimu ndoo yangu!"

Niliuliza nilichotumwa: na huyu ng'ombe? Sista akacheka. Si ng'ombe wa zizini. Ni mnyama wa mwituni kule kaskazini kabisa, manyoya yake yanafika chini.

"Anakamuliwa?" Masanja alitaka kujua.

"Hapana. Ila mbwa mwitu wakija, hakimbii. Wote wanasimama duara, ndama wakiwa ndani, pembe zikiwa nje."

"Huyo ni ng'ombe," Masanja akahukumu, na kwa upande wake jambo hilo likawa limekwisha.

Ama vile vijiti, Sista hakuridhika kueleza. Aliinuka akatwaa dekio, akampa Masanja ufagio wa mti, akachukua kipande cha ndala iliyokatika akakitupa kwenye saruji iliyolowa sabuni. Jamani, niliyoyaona sitayasahau. Mama wa kanisa, mtu mzima, alimpokonya kapteni wa Fahali ile ndala mara tatu mfululizo, akampiga bega mbavuni, akaipeleka mpaka chini ya benchi la wagonjwa akainua mikono juu. Masanja alianguka chali. Wagonjwa waliacha kukohoa wakashangilia. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema kumbe dawa ya zahanati hii ni kali.

Jioni, tukiwa tumeuzunguka moto, nilimwambia Sista kilichonileta. Nilimweleza habari za Mzee Sinkala, hoteli na mishahara. Nilisema kwa kujiamini, maana nilijua hesabu yangu iko sawa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na ya kwetu iliuzwa," akasema. "Mwenye nayo alipata mteja mkubwa zaidi, kwenye mji wa joto ambako barafu inatengenezwa kwa mashine mwaka mzima. Akaihamisha. Wakaibadili jina, wakaibadili rangi. Nilikuwa likizo nyumbani mwaka ule. Siku ambayo mechi ya kwanza ingechezwa, watu walitoka majumbani wakaenda mpaka kwenye ukumbi. Ulikuwa umefungwa. Wakasimama tu. Walikuwa hawana pa kwenda."

"Na jezi?"

"Jezi tulibaki nazo, kabati zimejaa. Ikawa inauma kuzitazama. Watu wakazipeleka kwenye sanduku la maskini kanisani." Alimtazama Masanja. "Ndizo hizo."

Miaka yote nimefungua marobota nikitazama kitambaa, mshono na zipu. Sijawahi kujiuliza aliyeivua nguo aliivua kwa nini. Nilimwambia Masanja avue jezi ampe Sista, naye akaivua hapohapo kwa moyo mmoja na baridi ile. Sista alikataa.

"Nitafanya nini nayo, Mama Kredo? Shati tulikuwa nalo. Timu ndiyo iliyoondoka."

Jumamosi tulirudi juu ya magunia yaliyojaa. Mapaa ya mji yalipoanza kuonekana, Masanja akanigeukia.

"Mama, ile mechi ya Jumapili, baba yangu huwa anakuja."

"Najua."

"Anaacha ng'ombe kwa jirani. Siku nyingine hamwachii mtu ng'ombe. Anakaa na baba yake Deus, mwenzetu wa Kifipa, wanabishana habari ya majembe na fimbo. Msimu wa juzi walikuwa wanapelekana kwa mtendaji wa kata kwa ajili ya ng'ombe kuingia shambani."

Hapo hesabu yangu ikavurugika. Niliwaza Jumapili ya Milanzi bila mechi, wafugaji kwao na wakulima kwao, na mimi ndiye niliyeipiga bei timu. Nilikasirika, na niliyemkasirikia zaidi ni mimi mwenyewe.

Jumapili baada ya misa Mzee Sinkala alikuwa uwanjani amesimama kando ya gari lake. Nilimpa maelezo yote: ziwa, kiwanda cha mbao, mnyama wa manyoya. Hakuna radi, nikamwambia, ni mchezo wa watu wa baridi. Uso wake uling'aa.

"Basi tumalize," akasema.

"Tumalize. Jezi zangu zilitoka kwenye robota langu, nakuuzia zote, na bei ni hiihii ya mezani, sikuongezei kitu."

"Na timu?"

"Timu haikutoka kwenye robota, Mzee. Hiyo siwezi kuuza. Wachezaji wenyewe hao hapo, waulize."

Alinitazama kama mtu aliyepunjwa mizani. Akamwita Masanja mbele ya wote, akamtajia mshahara kwa sauti ili hata baba yake aliyekaa ukingoni asikie. Kijana ana haki ya kula, na kama angesema ndiyo nisingemlaumu, wala nyie msingemlaumu.

Masanja aliivua jezi, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya boneti ya gari. Mmoja baada ya mwingine wenzake wakafanya vivyo hivyo, wa fimbo na wa majembe, mpaka boneti ikawa nyekundu yote, wao wakabaki vifua wazi kwenye upepo wa Ufipa.

"Tunduma tutakuja, Mzee," Masanja alisema kwa adabu. "Wavalishe wako hizi, uwe na timu. Tutakuja kukufunga."

Mzee Sinkala alilipa jezi zake. Hela ile tulinunulia viatu, na huo ndio mwisho wa safari yangu na faida niliyoipata. Nilijifunza kwamba si kila chenye mteja ni mali yangu, mimi niliyedhani biashara naijua yote. Siku ile tulicheza vifua wazi, tukashinda, na uwanja mzima ulikuwa unaita Fahali, ingawa hapakuwa na fahali aliyechorwa popote.