Kompyuta Niliyoibeba Mgongoni Hadi Arua

Nakumbuka Jumatano moja asubuhi pale Koboko, mwanangu, moyo ukinidunda kama ngoma ya arusi kwa sababu nilikuwa na prosesa mpya, ule ubongo wa kompyuta, mfukoni. Nilikuwa kijana niliyetoka kuzurura Juba na Bunia, nimerudi na ufundi kidogo na hamu kubwa ya kuuonyesha.

Kwaya ya akina mama wa Ludara ilikuwa na kompyuta ya mezani ya kurekodia nyimbo, ya zile zinazotoka kiwandani zimeshaunganishwa. Ilikuwa imezeeka. Ukiweka sauti ya pili juu ya ya kwanza, inaganda. Na redio moja ya Arua ilituahidi nafasi ya Jumapili, mradi wimbo uwafikie Ijumaa kabla ya saa sita mchana. La sivyo, nafasi ingekwenda kwa kwaya ya Lobule, mahasimu wetu wa siku zote. Tayari walitucheka sokoni: "Ludara, mtaimbia mbuzi!"

Basi Jumanne nilikuwa nimekwenda Arua, nikanunua prosesa, memori, na ubao mkuu wa kuvibeba, ule mafundi wanaouita mazabodi. Vinang'aa! Nikafungua kasha mbele ya kwaya nzima. Lo, matundu ya skrubu hayakulingana. Plagi ya umeme ya kasha lile ilikuwa ya namna yake peke yake, haikuingia popote kwenye ubao mpya. Nikageuza, nikasukuma. Haraka haraka haina baraka, lakini siku ile nilikuwa nimeisahau methali hiyo.

Mama Kiden, kiongozi wa kwaya, alitazama jasho langu.

"Wewe kijana, kwenu nyumba inajengwa namna gani?"

"Ukuta kwanza, Mama. Paa tunafunga chini, halafu watu wananyanyua."

"Na kama hukupima ukuta?"

Kwetu, mwanangu, hakuna aibu kama hiyo: majirani wamekuja, pombe iko tayari, paa limepandishwa kwa nyimbo, kumbe linaning'inia upande.

"Umeleta paa ya nyumba ya mutu mwingine," akasema. "Sasa beba ukuta, peleka Arua."

Alivua kitenge alichojitanda, akanifungia kasha mgongoni kama mtoto mchanga. Nikapanda bodaboda, na njia nzima watu wakipiga kelele: "Baba! Mtoto ni wa kike ao wa kiume?"

Muuzaji, Mkongo wa kutoka Aru, ng'ambo ya mpaka, alicheka mpaka akashika kaunta. "Ndugu, jana ulinunua kiatu, leo ndiyo unaleta mguu?"

Lakini kuuliza si ujinga. Alikubali kurudishiwa vitu vyake, tukasoma pamoja namba za ubao wa zamani. Kumbe ulikuwa unakubali prosesa yenye nguvu zaidi, ya kizazi kile kile, na alikuwa nayo, imetumika lakini nzima. Nikaing'oa prosesa ya zamani, nikafuta ile dawa ya kupitisha joto iliyokuwa imekauka, nikaweka hiyo nyingine, nikapaka dawa mpya kidogo kama punje ya mchele. Nikaongeza memori ya aina yake. Diski iliyokuwa ikinguruma nikaiondoa, nikahamishia yaliyomo kwenye ya kisasa isiyo na kinachozunguka ndani, nikaitia hiyo. Nikabonyeza. Kabla sijashusha pumzi, kioo kimewaka! Nilipiga kelele dukani kama mwendawazimu, na yule Mkongo naye.

Alhamisi tulirekodi, sauti juu ya sauti, na hakuna kilichoganda. Mama Kiden alivaa visikilizio, akashtuka.

"Nani huyu anaimba na mimi?"

"Ni wewe mwenyewe, Mama. Uko wawili."

"Ayaa! Ongeza wa tatu!"

Wimbo ulifika redioni Ijumaa asubuhi. Jumapili ulipokwisha tu kusikika, kiongozi wa Lobule alipiga simu: "Leo mmetuweza. Hiyo kompyuta mpya mlinunua wapi?"

"Mpya gani?" Mama Kiden akajibu, machozi na kicheko pamoja. "Iko ile ile!"

Mwanangu, ukitaka kukipa nguvu kitu cha zamani, usianzie dukani. Anza na chenyewe. Kifungue, soma namba zake, pima matundu yake, tazama plagi zake, ujue kinakubali nini na kinakataa nini. Kina mipaka, ndiyo, lakini mara nyingi hakijaifikia. Nimetembea miji mingi tangu hapo, na hata watu nimewaona hivyo.

Mungu akupe mikono mitulivu na macho ya kupima, na kila utakachowasha kiwake.