Koti la Sufu kwenye Disko Toto

Idi Pili, saa tisa alasiri, ukumbi wa baa hugeuka wa watoto. Bia hufungiwa stoo, soda hupangwa kaunta, na pale ambapo jana yake bendi ilikuwa inawapigia watu wazima, sisi tunarukaruka hadi vumbi linafika kwenye taa. Ndiyo disko toto. Sisi Wakristo tulikuwa wa kwanza kufika.

Mwaka ule kulikuwa na shindano la kurap. Tangu redio za watu binafsi zianze, kila mwenye mdomo Morogoro alikuwa msanii, na mimi mdomo nilijaliwa. Wimbo wangu ulimhusu mwalimu wetu wa nidhamu na koti lake la mtumba: zito, la sufu, limeshonwa kwa ajili ya nchi zenye theluji, naye analivaa kwenye jua la Msamvu. Shule nzima iliujua. Mimi nauliza, wao wanajibu.

Nimeshapanda jukwaani, maiki mkononi, nikamwona mlangoni. Kanzu nyeupe, na juu ya kanzu, koti. Binti yake mdogo amempanda mabegani.

Nikashusha maiki. Mama alishaniambia, "Ukifukuzwa shule, baba, jembe halina mtihani." Maana yake Mgeta, kwa bibi, kwenye kabichi. Kule shamba limesimama kama ukuta. Ukiangusha karoti, unaikuta kwa jirani wa chini.

"Oya, imba bwana!" DJ akanisukuma. "Au maiki inang'ata?"

Nikaamua kwenye wimbo mwalimu atoke, aingie konda.

"Nani kavaa blanketi mchana kweupe?" nikauliza, nikawahi kujijibu: "Konda!"

"Mwaaalimu!" ukumbi mzima ukanifunika.

"Jasho la nani lingemwagilia bustani? La konda!"

"La mwaaalimu!"

Hata yule mtoto wa mabegani alikuwa anaitikia, tena kwa kupiga makofi juu ya kofia ya baba yake. Sikungoja mshindi atangazwe. Nilitokea mlango wa jikoni.

Siku shule ilipofunguliwa, mstarini, mwalimu akaninyooshea kidole. "Wewe, msanii. Ofisini."

"Tutakuja kukusalimia Mgeta," rafiki yangu akaninong'oneza. "Utuwekee karoti."

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Funga mlango."

Koti lilikuwa limetundikwa kwenye kiti. Akachungulia dirishani, akainamia meza, mabega yakaanza kutikisika. Nikajua hapa nimemliza mtu mzima. Kumbe anacheka.

"Mkuu wa shule umemweza!" akasema kwa sauti ya chini. "Lile koti lake! Mara ngapi nimemwambia, mzee, hilo ni la watu wa kwenye barafu? Hasikii!"

Ni kweli, mkuu naye alikuwa na la kwake la sufu. Mitumba ilipomwagika sokoni, nadhani walimu wetu wote walichagua kwenye robota moja.

"Sasa sikiliza. Akiuliza, mimi sikuwepo."

"Hukuwepo, mwalimu."

"Na ule mstari wa jasho niandikie. Binti yangu anausahau, ananisumbua."

Nikaandika kwa mwandiko mzuri kuliko wa mtihani. Mwalimu akavaa koti lake, akajifuta jasho usoni, akanifungulia mlango. Kipindi cha kwanza kilikuwa hesabu. Sijawahi kuipenda hesabu kama siku ile.