Miguu ya Ami

Katika hadithi za Wagiriki wa kale yumo jambazi mmoja mdogo, wa kutajwa mara moja na kusahauliwa. Alikaa ukingoni mwa jabali juu ya bahari, akawalazimisha wapita njia wamwoshe miguu. Walipoinama aliwapiga teke wakaporomoka hadi majini, ambako kobe mkubwa aliwangoja awale. Jina lake silitaji. Mhadhiri wetu mwenyewe alilitamka kila siku kivingine. Wenzangu chuoni walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu miguu ile nilikuwa naijua. Ilikuwa Bofu, Likoni, na mwenyewe alikuwa ami yangu.

Baba yetu alipofariki, ami, kaka yake mkubwa, ndiye aliyekuwa walii wa dada yangu: asipotamka yeye, dada haolewi. Na ami hakuwa na haraka. Dada ndiye aliyempikia, akamfulia, akamkunia nazi. Kila alipokuja mposaji, ami alimpokea kibarazani, akaagiza beseni, akanyoosha mguu. Adabu ya mkwe, alisema, huonekana mikononi.

Mguu wenyewe sijui niuelezeje bila kuwaharibia chakula. Kisigino kilikuwa magaga matupu, na ndani ya nyufa zake tope la shambani lilikaa tangu sijazaliwa. Kucha zilikuwa za manjano, nene, zimejikunja kama pembe za mbuzi. Maji yaligeuka kijivu, vikaelea vipande vya ngozi mfano wa magamba ya samaki. Harufu iliingia hadi ndani, nami nilikuwa huko na kitabu changu cha chuo, nimekishika karibu na pua kuliko macho yalivyohitaji.

Mposaji akishamaliza, ami alimwekea kifuani mguu ule ule uliooshwa, akamsukuma. "Nenda kajifunze kuosha." Wawili waliondoka hivyo, kanzu zimelowa. Kobe hatukuwa naye, lakini mtaa ulikuwapo, ukawatafuna kwa maneno mpaka wakaacha kupita njia ile.

Wa tatu alikuwa kijana mpole wa Port Reitz, mfanyakazi wa bandarini. Aliosha vizuri, hata katikati ya vidole, bila kukunja uso. Akasukumwa vilevile. Aliinuka, akasema, "Shikamoo, mzee," akaenda zake. Dada alikuwa dirishani. Siku ile hakupika. Mimi, msomi wa nyumba, nilishauri tungoje ami alainike. Kesho yake dada alimwambia mama avae buibui, wakavuka feri kwenda kwa kadhi.

Kadhi alimwita ami, akamwuliza kijana ana kasoro gani. Dini? Anaswali. Kazi? Anayo.

"Mikono yake mizito, sheikh," ami alisema hatimaye.

"Mwoze, au nitamwoza mimi. Sheria haijui miguu yako."

Shangazi zangu walinuna. Ami alikuwa mkali tu, walisema. Angekuwa mtu mbaya, ukoo wa maana kama wa marehemu mkewe ungemwoza binti yao? Baadaye nilisoma kwamba hata jambazi yule alikuwa na jamaa wa kujivunia. Wapo waliosema baba yake ni mungu wa bahari; binti yake aliolewa na mfalme, na wajukuu wakawa mashujaa. Watu wa mji wake waliapa kuwa alikuwa muungwana, kwani wafalme huoa kwa majambazi? Shangazi zangu, wallahi, hawakuwahi kusoma hata herufi moja ya Kigiriki.

Siku ya nikaha, walii na bwana harusi hukaa goti kwa goti, wameshikana mkono wa kulia mpaka maneno yaishe. Ami aliyatamka kama anayetapika. Kijana akajibu kwamba amekubali. Kisha akachomoa hanchifu nyeupe iliyopigwa pasi, akaupangusa mkono wake, kidole baada ya kidole, mbele ya sheikh na wazee wote, halwa ingali kwenye sinia. Akaikunja, akamwekea ami mapajani.

"Hii yako, baba," alisema.

Ami aliichukua. Halafu akainama, akaanza kujifuta nayo katikati ya vidole vya mguu. Sikuwahi kumwona akiugusa mguu ule kwa mkono wake mwenyewe.