Hongo ya Kaburini

Bolijointi ile bado ninayo. Nimeiweka dirishani jikoni, karibu na kopo la chumvi. Ni kile chuma cha chini kinachoshika tairi la mbele lisilale. Wageni wakiniuliza huwaambia ni kumbukumbu ya mjomba, na sidanganyi.

Mjomba, kaka pekee wa mama yangu, alifia Usoke. Siku chache kabla ya hapo gari langu lilikuwa likigonga mbele kila likiingia shimoni, nikanunua bolijointi mpya na kumkabidhi fundi wetu wa hapa Cheyo ikiwa bado ndani ya boksi. Gari lilirudi kimya, nikamshukuru. Asubuhi ya mazishi nikampakia mama tukaondoka. Tulikuwa tumeshapita nusu ya safari tairi la kushoto lilipolala chali. Mama alikaa juu ya jiwe kando ya barabara, akiniuliza saa. Lori la tumbaku lilituokota baadaye sana, na tulipofika wanaume walikuwa wanafuta majembe. Mama hakumtupia kaka yake hata konzi moja ya udongo.

Fundi wa Usoke aliifungua bolijointi mbele yangu. Ilikuwa ile ile yangu ya zamani, imepakwa rangi nyeusi, ndani imeshindiliwa vipande vya mpira wa tyubu ili isigonge. Mpya ilikwishakwenda kwenye gari la mtu mwingine.

Nikairudisha gereji, kwa fundi wetu wa Cheyo. Yule fundi ni Mgogo, na sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokatiza Ugogo na mizigo na wenyeji wakawatoza hongo kabla ya kuwapisha. Aliitazama tu, kisha akasema watu wote wakisikia, "Mtani, ninyi mmezoea mizigo ya kichwani. Gari mtaliwezea wapi?"

Gereji nzima ikacheka. Mtani hakasirikiwi, ndiyo sheria, naye aliijua vizuri akajificha humo. Nilicheka nao. Nikarudi nyumbani nimefura, nikaapa kwamba nitamtoa humo humo alimojificha.

Mwosha huoshwa. Kabla mvua hazijaanza, akafiwa na kaka yake. Nilifurahi, sitaki kujipamba. Nilifika msibani mapema kama mtani anavyopaswa, nikachota maji, nikasugua masufuria, nikawatania wafiwa mpaka wakacheka. Bolijointi nilikuwa nimeifunga kiunoni ndani ya kanga.

Makaburini, mchungaji alipomaliza sala, ndugu waliitwa kutupa udongo. Fundi akainama, akachota. Nikaruka nikasimama kati yake na kaburi, mikono nimeitanua. Watu wakaangua kicheko, kwamba mtani kaanza. Nikatangaza kwamba hapa ni Unyamwezi na leo tunatoza sisi, hapiti mtu bila hongo. Shangazi yake akanitupia noti, nikaiacha chini. Nikafungua kanga, nikamwonyesha chuma.

"Hongo yangu ni neno tu," nikamwambia. "Waambie hawa hii imetoka wapi."

Alijaribu kunizunguka, nikahama naye. Akahamia upande wa pili, nikamkuta huko. Ndugu zake wakamhimiza alipe upesi jua lisiwachome, wakidhani ni mchezo, na kukasirika hakuweza, sheria ni ile ile. Udongo ulikuwa ukimchuruzika vidoleni. Mwishowe akanong'ona. Nikamwambia sijasikia.

"Ni yako ya zamani," akasema. "Niliirudishia, nikachukua mpya."

Kicheko kikakatika. Nusu ya wanaume waliosimama pale walikuwa wateja wake, nikawaona wakitazamana, kila mmoja akilifikiria gari lake. Mkononi mwake hakukubaki kitu. Nikampisha, akainama kuchota udongo mwingine, akautupa huku akilia. Sikumhurumia, na mpaka leo simhurumii.

Jioni nilimsimulia mama yote, hatua kwa hatua. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza.

"Kwa hiyo ulimpisha," akasema.

Nikamjibu kwamba ndiyo, alikuwa ameshalipa.

Mama akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa mlangoni. "Mimi nisingempisha."